Kutoka Mtwara na Lindi mpaka Makumbusho ya Majimaji Songea: mwongozo kamili kwa anayetaka kwenda na familia

Kila mwaka tukishauza korosho ndo napata simu nyingi, mjomba huyu anauliza Songea tunafikaje, jirani yule anauliza watoto wataelewa kweli, mwingine anataka kujua kama siku moja inatosha. Nimeenda mara tatu, mara ya kwanza peke yangu, ya pili na watoto, ya tatu nikamchukua na shangazi yangu ambaye ni mtu mzima wa miaka sabini na kitu, kwa hiyo naandika hapa kila ninachokijua ili asiulizwe mtu tena akajibu nusu nusu.

Kwanza tuelewane jambo moja. Watu wengi huku kwetu wanaona Majimaji, ile vita ya 1905 mpaka 1907 dhidi ya Wajerumani, ni habari za Wangoni, watu wa Songea, kwa sababu makumbusho yapo huko. Vita ilianzia huku kwetu. Julai 1905 kule Nandete, milima ya Umatumbi, wilaya ya Kilwa, mkoa wa Lindi huu huu, wakang'oa miche ya pamba kwenye shamba la kulazimishwa, na majina ya walioanza yamehifadhiwa mpaka leo, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela. Kinjikitile Ngwale aliyegawa maji, ile dawa iliyoaminika inazuia risasi, alikuwa Ngarambe, akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, yani kabla hata vita haijafika Ungoni. Maji yenyewe yalifika Songea yakiletwa na Wangindo kupitia upande wa Liwale. Kwa hiyo ukipanda basi kwenda Songea unafuata njia ya hayo maji, unaenda kuona mwisho wa jambo lililoanzia kwa babu zako, na ukienda na akili hiyo utaona vitu tofauti kabisa na yule anayeenda kupiga picha na sanamu.

Hatua ya kwanza: kaa na wazee wako kabla hujakata tiketi

Hii ndo hatua watu wanaruka na mimi mwenyewe niliiruka mara ya kwanza, nikazunguka makumbusho yote nikatoka sina swali hata moja. Mara ya tatu nikafanya vingine. Wiki mbili kabla ya safari nikaenda kwa shangazi, nikakaa nae mkekani mchana kutwa, nikaweka simu irekodi nikamwambia shangazi naomba uniambie ulichosikia kwa bibi yako kuhusu vita vya Mjerumani. Akasema yeye hajui vita, anajua njaa tu. Nikamwambia basi niambie njaa.

Akaniambia bibi yake mzaa mama, Mmwera wa upande wa Nyangao, alikuwa anasimulia walivyokaa porini na watoto, chakula kimechomwa, ghala limechomwa, wanakula ming'oko, na pia mizizi ya sumu ambayo lazima uikate uiloweke siku kadhaa mtoni ndo iliwe, na anayeshindwa kusubiri akila anakufa. Nimekula ming'oko toka utotoni, inauzwa imechemshwa barabarani tunatafuna kama karanga, sikuwahi kujua kwamba kuna kizazi kizima cha ukoo wetu kilivuka kwa hiyo mizizi.

Usiulize mzee "niambie kuhusu vita vya Majimaji", atakwambia hajui maana yeye hakusoma historia. Muulize njaa ilikuwaje, watu walikimbilia wapi, kwa nini ukoo wetu umehama kule ukaja huku, mlima fulani kwa nini unaitwa hivyo. Kama una wazee wa Masasi waulize habari za Magwangwara. Hilo ndo jina waliloitwa Wangoni wakija kuteka watu, na mwaka 1882 walivamia Masasi wakachoma mpaka misheni ya Waingereza. Ukilijua hilo ndo utashangaa vizuri ukifika Songea, kwamba watu ambao bibi zetu walikuwa wakisikia jina lao wanaingia vichakani, miaka 23 baadae wakanywa maji mamoja na Wangindo na Wamatumbi dhidi ya Mjerumani.

Andika maswali matano au sita kwenye daftari. Kweli kabisa, daftari, simu inazima chaji.

Hatua ya pili: anza na ya nyumbani

Mwenye nafasi aanze na sehemu za huku huku kwanza, haina gharama kubwa. Walio Kilwa au Lindi mjini wanaweza kwenda Nandete kwenyewe, unashuka barabara kuu ya Dar pale kwenye njia ya Tingi kwenda Kipatimu halafu unapanda milimani, kuna mnara wa kumbukumbu pale. Masika usijaribu. Ukifika kijijini anza ofisi ya kijiji ujitambulishe, usiende moja kwa moja na kamera shingoni.

Walio Mtwara mjini wana Boma ya Mikindani iliyojengwa 1895, siku hizi ni hoteli lakini ukiomba kwa heshima wanakuruhusu uone. Mpeleke mtoto pale umwambie kodi ya kibanda ilivyoanza 1898, rupia 3 kwa kila nyumba, na kwenye maboma kama haya ndo mtu asiye nayo alikuwa anapelekwa kulazwa na kuchapwa viboko. Mtoto akiona ukuta ule mnene ataelewa kwa nini watu walichoka.

Na kama unataka kumwonyesha kwamba Kusini haikupigania ya 1905 tu, pita Naliendele kwenye makaburi ya mashujaa, wamelala wanajeshi wetu waliokufia Msumbiji. Ni vita nyingine na miaka mingine, sitaingia humo leo.

Hatua ya tatu: chagua mwezi

Kuna aina mbili za kwenda na kila moja ina faida yake.

Ukienda mwisho wa Februari unakuta kumbukizi yenyewe, kilele ni tarehe 27 maana siku hiyo mwaka 1906 ndo walinyongwa wale mashujaa. Kuna ngoma, Lizombe utaiona ikichezwa na wenyewe, wazee wa kimila wanakuja, viongozi wanakuja, kaburi linawekwa mikuki na maua. Inagusa sana. Ila gesti zinajaa, makumbusho yanakuwa na watu wengi huwezi kusimama kwenye kitu kimoja ukatafakari, na muongozaji hana muda na wewe. Pia ni mvua.

Ukienda mwezi mwingine unapata utulivu. Mimi napendekeza Agosti mpaka Septemba kwa familia zenye wazee. Juni na Julai pia sawa ila Songea iko juu, asubuhi kuna baridi ambayo sisi watu wa pwani hatuijui, shangazi alivaa khanga tatu na koti langu bado anatetemeka na hapo ilikuwa imeshafika Agosti. Beba masweta, usibishe.

Hatua ya nne: safari yenyewe

Barabara sasa ni lami mwanzo mwisho. Waliosafiri zamani wanajua kipande cha Tunduru kilikuwa kinakula siku mbili tatu mvua ikinyesha, hayo yameisha. Unatoka Mtwara, Masasi, Mangaka, Tunduru, Namtumbo, Songea. Wa Lindi mnaingia kupitia Mnazi Mmoja mnapita Nyangao na Ndanda kuja Masasi. Ni zaidi ya kilomita 600 kutoka Mtwara mjini kwa hiyo hesabu siku nzima barabarani, basi linatoka alfajiri unafika jioni au usiku.

Tiketi kata siku moja kabla, na kata stendi kwenye ofisi yenyewe. Mara ya pili mimi nilimpa hela kijana mmoja nje ya geti akaniandikia siti nne, kesho yake siti hizo zina watu wengine, watoto wakasafiri wamebanana mpaka Tunduru. Mwenye mzee namshauri alale Masasi usiku mmoja, safari inakatika katikati, inasaidia miguu isivimbe.

Chakula cha njiani beba cha nyumbani, muhogo, mayai, maji ya kutosha. Dawa za mzee weka kwenye mkoba wa mkononi zisiende kwenye buti la basi.

Sasa njiani usilale. Nyangao pale mtakapopita misheni ilichomwa 1905, na Oktoba 1917 hapo hapo Nyangao na Mahiwa Mwingereza na Mjerumani wakapigana siku nne, tena askari weusi na wapagazi wetu ndo waliokufa wengi. Ukishapita Tunduru ukikaribia Namtumbo mwambie binti yako habari za Mkomanile, mwanamke aliyekuwa mtawala wa Kitanda upande huo wa Namtumbo, alikuwa ndani ya mapambano na Wajerumani wakamnyonga pamoja na wanaume. Binti yangu alivyosikia hilo akaacha kuchezea simu.

Hatua ya tano: kufika na kulala

Stendi kuu ya Songea iko nje ya mji, ukishuka usiku chukua bajaji mkiwa wote badala ya boda boda mbili tatu. Gesti zipo za kila bei, tafuta iliyo karibu na mjini kati maana makumbusho yapo kata ya Mahenge hapo hapo mjini, asubuhi unaweza hata kutembea. Usiende makumbusho siku ya kufika hata kama umefika mapema. Umechoka, utapita tu.

Hatua ya sita: ndani ya makumbusho

Nenda asubuhi kwenye saa 4, umeshakunywa chai. Beba kitambulisho cha taifa maana raia ana kiingilio chake na mgeni ana chake, na malipo ni kwa kontroo namba kwa hiyo weka hela kwenye simu kabla. Kama mko kikundi au ni darasa la shule pigeni simu mapema mwombe muongozaji, na mwambieni mnatoka Mtwara au Lindi. Hili lina maana. Muongozaji wetu alivyosikia tunatoka upande wa Nyangao akabadilisha maelezo yote, akaanzia kwetu.

Nje utaanza na sanamu za mashujaa. Usikimbilie picha. Soma majina kwa sauti, moja moja, watoto wakurudie. Inkosi Mputa Gama yumo kwenye walionyongwa, huyu alikuwa mfalme wa Wangoni wa Njelu. Nduna, yani msaidizi wa mfalme, Songea Mbano ndiye mji ulipewa jina lake. Inasimuliwa kwamba Wajerumani walitaka kumwachia, akakataa akasema wenzangu wameshakufa na mimi niueni, wakamnyonga baadae peke yake, ndo maana kaburi lake liko mbali na lile la pamoja lenye wenzake zaidi ya 60. Na kichwa chake kinaaminika kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapo hapo akakaa na wajukuu wa Songea Mbano akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kutafuta. Mwulize muongozaji utafutaji umefika wapi, usione aibu, ni haki yako kuuliza.

Kwenye kaburi la pamoja vua kofia, zima muziki wa simu, watoto wasipande juu. Kila mtu aombe kwa dini yake. Shangazi alisoma Fatiha akakaa chini kwenye nyasi, akaanza kulia kimya kimya, na mimi nilitaka kumwinua twende ndani, muongozaji akanishika mkono akaniambia muache mama akae. Tulikaa pale karibu nusu saa. Kwa hiyo ratiba yako iwe na hiyo nusu saa, ukiwa na mzee usimharakishe.

Ndani kuna silaha na vifaa vya wakati huo, mikuki, ngao, vitu vya nyumbani, picha. Hapa naomba nikae kidogo maana ndo pana jambo kubwa.

Watoto wakiona mikuki halafu wakaona picha ya bunduki watauliza walikuwa wajinga? Walidhani maji yanazuia risasi? Usicheke nao na usikubali mtu yeyote acheke. Waeleze hivi. Dawa ile ilikuwa maji yaliyochanganywa na mbegu za mtama na mafuta ya mbarika, vitu vya shambani, vya mkulima. Habari zake zilisambaa kwa mnong'ono, Wamatumbi wana neno lake, njwiywila, mtu anamnong'oneza mwenzie na huyo anamnong'oneza mwingine mpaka nchi nzima ya kusini inajua na Mjerumani hajui. Makabila kama 20 hivi ambayo hayakuwa na mfalme mmoja wala lugha moja yakasimama pamoja ndani ya wiki chache, bila simu, bila barabara. Kabla ya hapo kila mtu alipigana peke yake akashindwa peke yake. Maji yaliwapa watu ujasiri wa kusimama na jirani ambaye jana alikuwa adui. Mahenge ya Morogoro, sio kata ile ya Songea, tarehe 30 Agosti 1905 watu walikwenda mbele ya bombomu, bunduki za mashine, mchana kweupe, na aliyeona mwenzie ameanguka alijua kabisa risasi ni risasi, na bado vita iliendelea mpaka 1907. Mtu mjinga hapigani miaka miwili baada ya kujua dawa haifanyi kazi.

Halafu uliza njaa. Hii ndo swali lako namba moja na usiondoke bila kuuliza. Maana ukiangalia sanamu na kitanzi utadhani vita iliua hao waliopigwa risasi na hao walionyongwa. Afisa mmoja wa Kijerumani aliandika mwaka ule ule 1905 kwamba njaa na dhiki peke yake ndo zitawafanya watu wasalimu amri, na ndivyo walivyofanya, wakachoma vijiji, wakachoma maghala, mashamba yakafyekwa, mbegu ikachukuliwa. Makadirio ya waliokufa yanafika mpaka watu 300,000 na wengi wao kwa njaa na maradhi yaliyofuata. Nchi ikabaki pori, tembo na nguruwe wakaingia palipokuwa mashamba.

Kwa hiyo ukiwa mle ndani tafuta vitu vidogo. Chungu, kinu, kibuyu, jembe. Shangazi alisimama mbele ya chungu muda mrefu kuliko mbele ya mkuki wowote, akamuuliza muongozaji, baba, hawa waliobaki walikula nini? Muongozaji akamwambia mama sisi huku tunasimuliwa mizizi na matunda ya porini, na ninyi? Akamwambia ming'oko. Wakaanza kuhesabiana majina ya mizizi, huyu kwa Kingoni huyu kwa Kimwera, na kundi la wanafunzi wa sekondari likaja likawazunguka. Mimi nikarekodi yote. Ile dakika kumi ndo ilikuwa ziara yenyewe kwangu.

Picha uliza kwanza, kuna sehemu unaruhusiwa na sehemu huruhusiwi. Hesabu masaa mawili mpaka matatu kwa jumla.

Watoto wa umri gani? Chini ya miaka minane mimi ningewaacha nje kwenye sanamu na mtu mzima mmoja, habari za kunyonga zinawapa ndoto mbaya. Kuanzia darasa la tano waingie, ila usiku kabla ya kulala kaa nao waseme walichoona. Mwanangu wa pili alikaa kimya siku nzima, usiku ndo akauliza, baba, wale walionyongwa walikuwa na watoto? Nikamwambia ndio, na wajukuu wao wapo hapa Songea, leo labda tumepishana nao sokoni.

Hatua ya saba: mchana na kesho yake

Ukitoka usirudi gesti kulala, nenda ukale, mtembee mjini taratibu. Songea hiyo hiyo pale Bombambili kuna makumbusho ya Mzee Rashidi Kawawa, Simba wa Vita, waziri mkuu wetu wa zamani, nenda kesho yake asubuhi kama una siku ya ziada. Usiyabane yote siku moja.

Jambo jingine ambalo huku Lindi linanigusa kila nikilifikiria, ukirudi nyumbani waambie watoto kuhusu Tendaguru. Wale Wajerumani waliokuja kuchimba mifupa ya mijusi wakubwa kule Tendaguru walianza 1909, miaka miwili tu toka vita iishe, na waliochimba na kubeba mifupa kichwani mpaka bandari ya Lindi ni watu wa hapa hapa, watu waliokuwa wametoka kwenye ile njaa. Mjusi yuko Berlin mpaka leo anaangaliwa na dunia nzima.

Hatua ya mwisho: ukirudi

Ndani ya wiki moja kaa tena na yule mzee uliyemrekodi, umpelekee picha, umsomee majina. Atakumbuka mengine ambayo hakuyasema mara ya kwanza, shangazi baada ya kurudi ndo alitaja mlima waliojificha, kabla ya hapo alisema hajui. Andika kwenye daftari, jina la mzee, alisikia kwa nani, tarehe. Rekodi weka sehemu mbili, simu na memori kadi, maana simu zinaibiwa na wazee hawarudi. Mkiwa na mwalimu wa historia kwenye ukoo mpeni nakala.

Na tiketi ya kurudi kata siku ile ile mnayotoka makumbusho, mabasi ya kuja huku Mtwara sio mengi kama ya Dar, ukisubiri mpaka asubuhi mtakuta siti za nyuma kabisa na mzee ataumia mgongo mpaka Masasi.